Jana kwa Wekundu, Kesho kwa Kijani

Anayechora katuni kwa kompyuta au simu hufanya kazi akiwa amezungukwa na vivuli. Mbele yake pana mchoro wa sasa, mistari yake myeusi na imara. Chini yake, kwa wekundu hafifu, unaonekana mchoro uliotangulia, na chini ya huo mwingine hafifu zaidi. Akitaka, kwa kijani au buluu, huonekana pia mchoro utakaofuata. Mbinu hii huitwa ganda la kitunguu, jina lililotokana na karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile ambayo wazee wetu waliiandikia barua za kupelekwa kwa ndege na makarani wakaitumia kwa nakala za taipureta. Imo ndani ya Krita, ndani ya Pencil2D na OpenToonz, na ndani ya FlipaClip, ambayo kijana wa Kathiani, Machakos nchini Kenya, huitumia kwa simu ya kawaida na ncha ya kidole.

Programu hizi humwachia mchoraji aamue mambo mawili: maganda mangapi ya nyuma yaonekane, na mangapi ya mbele. Vitabu vya maelekezo hulitaja jambo hilo kwa sentensi moja na kupita. Mimi naliona kuwa swali zito. Ili kutenda jambo la sasa vizuri, mtu ahitaji kuona kiasi gani cha yaliyopita, na kiasi gani cha yajayo? New York na Tokyo ziliwahi kulijibu, Johannesburg na Kongo zikalijibu kwa namna nyingine. Na Ukambani, iliko Kathiani, limejadiliwa kwa kina na mtu ambaye kazi yake ilikuwa theolojia.

Tuanze na karatasi. Mfaransa Émile Cohl alipotengeneza Fantasmagorie mwaka 1908, aliweka kila karatasi juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini, akaunakili mchoro wa awali huku akiubadilisha kidogo, akarudia hivyo mpaka akafikisha michoro kama 700. Cohl alikuwa na ganda moja, nalo lilikuwa la nyuma. Ndiyo maana katika filamu hiyo vitu hugeuka bila mtazamaji kukisia vinakoelekea: chupa ya mvinyo inakuwa ua, na ua nalo halikai likiwa ua. Kila mchoro unajua ulikotoka, haujui unakokwenda.

Miaka sita baadaye, Marekani, Winsor McCay alionyesha dinosaria wake Gertie. Karatasi za McCay zilitiwa alama za msalaba pembeni ili zikae sawa moja juu ya nyingine, na msaidizi wake, John Fitzsimmons, alizinakili mandhari za nyuma katika kila karatasi, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Hata hivyo jipya la McCay lilikuwa utaratibu wa kugawa mwendo. Alichora kwanza mkao wa mwanzo na mkao wa mwisho, kisha mkao ulio katikati yao, kisha katikati ya katikati, mpaka pengo likajaa. Cohl hakuwa na kesho. McCay aliichora kesho kabla ya leo. Mbinu zote mbili zinadumu hadi sasa. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, walipoandika kanuni zao 12 katika kitabu cha mwaka 1981, waliziweka ndani ya kanuni moja: ama unachora moja kwa moja kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho, ama unaanza na mikao mikuu na kurudi kuijaza.

Kabla ya kwenda mbali na karatasi, kuna tofauti ya kazi ya mkono ambayo kioo cha simu kimeificha. Raoul Barré, mzaliwa wa Quebec aliyefanya kazi New York, ndiye anayetajwa kuleta karatasi zilizotobolewa matundu na kukaa juu ya vijiti vya kuzishikilia. Katika studio ya Disney vijiti vilikaa upande wa chini wa meza, na mchoraji akapachika karatasi kati ya vidole vya mkono wa kushoto, akazikunja na kuziachia kwa zamu, umbo likatikisika mbele ya macho yake. Japani vijiti hukaa upande wa juu, na mchoraji hufunuafunua karatasi kutoka chini. Mikono tofauti, lengo moja: kuona mwendo wenyewe ukitokea. Ganda la kitunguu la dijitali hufanya jambo jingine. Halitikisi kitu. Linaweka mikao yote pamoja, imetulia, ili jicho lipime umbali kati ya mmoja na mwingine. Kufunuafunua kunakupa muda. Ganda linakupa nafasi.

Tofauti hiyo si ya wataalamu peke yao. Mwendo wa haraka huacha mapengo mapana kati ya mchoro na mchoro, na wa polepole huacha mapengo membamba. Mkono unaoanza kuinuka huenda hatua ndogondogo, huongeza mwendo, kisha hupunguza unapokaribia kutua. Mchoraji mgeni anayeangalia maganda tu huwa na kishawishi cha kuuweka mchoro mpya katikati kabisa ya jekundu na la kijani. Anapata umbo linaloteleza kwa kasi moja bila uzito, na mkono uliopaswa kuzunguka kwa tao unakata njia ya mkato kifuani. Walimu wengi huwaambia wanafunzi wazime maganda na wachezeshe fremu mbele na nyuma. Nakubaliana nao nusu. Wanaosema ganda huharibu macho wanasahau kwamba jicho lililozoea kufunuafunua huhisi kuwa pana kasoro mahali fulani, lakini ni ganda linalolionyesha ni fremu ipi.

Na namna hizi mbili za kuutazama mwendo zina wazazi wawili katika historia ya picha. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kando ya njia ya farasi, akapata picha zilizotengana, kila moja katika chumba chake. Mfaransa Étienne-Jules Marey, kuanzia mwaka 1882, alichagua kinyume: mikao yote juu ya bamba moja, mtu anayetembea akionekana kama msururu wa miguu inayofuatana hewani. Muybridge alitaka kujua farasi yuko wapi kila mara. Marey alitaka kujua njia aliyopitia. Ukitazama picha za Marey leo utadhani mtu amewasha maganda kumi. Lakini Marey alikuwa na mwendo uliokwisha kutokea, na ganda la mchoraji lina mwendo ambao haujatokea bado popote isipokuwa kichwani mwake.

Kwa nini viwanda vikubwa vilichagua njia ya McCay kuliko ya Cohl? Sababu ya sanaa ipo: mikao mikuu hulinda ukubwa wa mhusika na kuhakikisha anafika pale anapotakiwa kufika kwa sekunde inayotakiwa. Sababu ya kazi ni nzito zaidi. Mara tu kesho inapokuwa imechorwa, yaliyo kati ya leo na kesho yanaweza kupewa mtu mwingine. Studio za Marekani zikawa na ngazi za wachoraji wakuu na wajazaji. Japani, ambako Toei ilianzisha idara yake ya uhuishaji mwaka 1956, kazi ikagawanywa kati ya wanaochora genga, yaani mikao mikuu, na wanaochora doga, michoro ya kati, na yupo msimamizi maalumu wa kukagua hiyo ya kati. Osamu Tezuka alipoleta mfululizo wa katuni wa Tetsuwan Atomu kwenye televisheni mwaka 1963, uhaba wa muda na fedha ulimlazimu kupunguza michoro: mchoro mmoja ukashika fremu tatu au zaidi, pale ambapo Disney ingetumia mbili au moja. Wapo waliouona upungufu huo kuwa udhaifu. Kadiri miaka ilivyopita ukawa na ladha yake: mkao unaokaa kimya, kisha mlipuko wa mwendo. Marekani ilithamini njia. Japani ilijifunza kuthamini mkao. Hakuna kati yao iliyomdanganya mtazamaji.

Sasa geuka upande ambako maganda ya kijani hayawezekani kabisa. Mkanada mwenye asili ya Marekani, Caroline Leaf, alitengeneza filamu ya mwaka 1974 kutokana na hekaya ya Wainuit kwa kusogeza mchanga juu ya kioo chenye taa. Akipiga picha ya fremu, huivuruga ili kupata inayofuata. Ya jana imefutika, ya kesho haipo. Jean-Michel Kibushi wa Kongo, ambaye filamu yake ya mwaka 1991 kuhusu chura aliyekwenda ukweni ndiyo huhesabiwa ya kwanza ya uhuishaji iliyotengenezwa na Mkongo, alisogeza maumbo yake chini ya kamera hatua kwa hatua. Anayefanya hivyo huenda mbele tu, kama msimulizi wa ngano barazani ambaye hawezi kulirudisha neno lililokwisha kumtoka. (Chura wengine walikuwa wamekwisha kusafiri miaka 25 kabla, katika filamu ya Moustapha Alassane wa Niger ya mwaka 1966. Inanifurahisha kwamba uhuishaji wa bara hili umepita mikononi mwa vyura zaidi ya mara moja.)

Huko Johannesburg, William Kentridge aliamua jambo la ajabu zaidi. Tangu mwaka 1989 huchora kwa mkaa kwenye karatasi moja, hupiga picha, hufuta sehemu, huchora tena juu ya karatasi ile ile. Mkaa haufutiki wote. Mtu akivuka uwanda wa migodi, nyuma yake hubaki ukungu wa kila mahali alipokuwa. Hapa ndipo tofauti na ganda la kitunguu inaponigusa sana. Ganda ni siri ya fundi: filamu ikitolewa, wekundu na kijani havitoki nayo, na mtazamaji hapewi hata kivuli. Kentridge amekigeuza kivuli hicho kuwa sehemu ya filamu. Katika nchi iliyojaribu kusahau yale iliyowatenda watu wake, yeye alichagua vifaa visivyosahau. Si kwamba wanaoficha maganda hawana uaminifu. Wao wanataka mtu aonekane yuko hai sasa hivi, bila mzigo. Ni nia mbili, zote za heshima.

Turudi Ukambani. John Samuel Mbiti alizaliwa mwaka 1931 Mulango, Kitui, mashariki ya Machakos, na mwaka 1969 alitoa African Religions and Philosophy, kitabu kilichosomwa duniani kote na kubishaniwa duniani kote. Akiegemea nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, alidai kwamba katika fikra za jadi wakati una pande mbili: Sasa, yenye yanayotendeka, yaliyotendeka karibuni na yale yanayokaribia kutendeka, na Zamani, bahari inayopokea kila kitu. Wakati ujao, kwake, karibu haupo. Haufiki mbali zaidi ya miezi, na kwa vyovyote hauzidi miaka miwili, kwa kuwa jambo ambalo halijatendeka haliwezi kuwa sehemu ya wakati.

Ukiyaweka madai hayo juu ya meza ya mchoraji, yanafanana sana na mpangilio wa programu: maganda mengi ya nyuma, la mbele moja tena jembamba. Mbiti hata ana hesabu ya kina cha maganda. Marehemu, anasema, hubaki katika Sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Anapokufa wa mwisho aliyemjua, baada ya vizazi vinne au vitano hivi, huzama katika Zamani. Mchoraji naye huchagua fremu ya ngapi nyuma iache kuonekana. Ila mfanano unaishia hapo, na inafaa kuishia hapo. Programu huamini kwamba kilicho mbali ni hafifu. Kwa Mbiti, Zamani si hafifu hata kidogo: ndiyo yenye asili ya mambo yote, nzito kuliko leo. Hakuna programu niijuayo ambayo, ikiachwa yenyewe, hukoleza fremu ya kwanza na kufifisha ya jana.

Wapo waliompinga. Kwame Gyekye wa Ghana alijibu kwa ushahidi wa Kiakan kwamba Waafrika wana wakati ujao wa mbali. Dismas Masolo wa Kenya naye akayapima upya mawazo yake katika kitabu cha mwaka 1994. Mimi ningeongeza shahidi asiyeandika, na ili kumwona inatosha kupanda vilima vya Iveti, kati ya Machakos mjini na Kathiani, na kutazama miteremko. Matuta yamepangwa moja juu ya jingine mpaka kileleni. Mengi ni ya fanya juu, jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa udongo wa nchi nyingi wamelichukua kama lilivyo: mtaro unachimbwa kufuata usawa wa mlima, na udongo wake unarushwa upande wa juu kuwa tuta. Siku ya kuchimba, shamba bado limeinama. Ni mvua ya misimu mingi inayoshusha udongo na kuukusanya nyuma ya tuta mpaka ardhi inalala sawa. Mwenye kuchimba anachora mkao mkuu wa mwisho, kisha anaiachia mvua michoro ya kati. Kumwambia mtu huyo kwamba kesho yake haizidi miaka miwili ni vigumu.

Na vilima hivyo vina maganda yao halisi. Mwaka 1937 afisa wa kikoloni Colin Maher aliandika taarifa ya kutisha juu ya mmomonyoko wa Machakos, akiiona kama ardhi inayokufa, na picha zilizopigwa mwaka huo huo zinaonyesha miteremko iliyochunika. Zaidi ya nusu karne baadaye watafiti walisimama mahali pale pale na kupiga tena. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizitumia picha za jozi hizo katika kitabu chao cha mwaka 1994 kilichoonyesha kwamba watu wa wilaya hiyo waliongezeka karibu mara sita kati ya miaka ya 1930 na mwaka 1989, ilhali mmomonyoko ulipungua. Uti wa mlima katika picha ya kwanza unalala juu ya uti wa mlima katika ya pili, kama vijiti vya Barré vinavyoshikilia karatasi, na kila kilichobadilika kinajitokeza: miti, nyumba, matuta. Serikali ya kikoloni ilidai matuta kwa amri. Baadaye vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vyenye wanawake wengi, viliyachimba kwa hiari na kwa zamu, shamba la huyu leo, la yule kesho. Kati ya picha mbili hizo, waliojaza michoro ya kati ndio hao.

Fundi mwingine wa Machakos anajibu kwa namna yake. Huko Wamunyu, Mutisya Munge alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza uchongaji, akawafunza wengine, na ufundi huo ukawa riziki ya maelfu ya Wakamba. Mchongaji hana ganda la rangi yoyote. Yaliyopita yako chini kwa vipande vilivyodondoka, yajayo yamo ndani ya gogo, na kosa la tezo halina kitufe cha kulirudisha. Anafanana na Leaf kwa kukosa jana, na McCay kwa kuijua kesho. Jedwali lolote la kuwagawa watu kwa nyakati lazima limpatie nafasi yeye pia, na jedwali la Mbiti halina chumba chake.

Nairobi ya karne hii imeonyesha majibu mawili yaliyo mbali moja na jingine. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa vipindi 52 uliotengenezwa humo kwa ajili ya BBC na kuonyeshwa kuanzia mwaka 2010, ulichukua wanyama wa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam na kuwafanya watembee wakiwa wameunganishwa vipande vipande. Katika kazi ya namna hiyo mhuishaji huweka mkao huu na ule, na kompyuta hukokotoa yaliyo kati. Ganda linabaki la kukagulia tu. Ng'endo Mukii katika Yellow Fever ya mwaka 2012, filamu fupi kuhusu wanawake na krimu za kujichubua, alichanganya michoro ya mkono na miili ya wachezaji halisi, na unahisi kila fremu imeguswa na mtu. Mfululizo unaotakiwa kumfikia mtoto kila wiki hauwezi kutengenezwa kwa kasi ya filamu hiyo, na filamu hiyo isingesema ilichosema kwa mikono ya kompyuta.

Tuseme basi kijana wa Kathiani anataka kumchora mtu anayechimba fanya juu, sekunde mbili za mwendo, fremu 24 kwa sekunde, mchoro mmoja kwa fremu mbili: michoro 24 kwa jumla. Mwili na uchorwe kwa njia ya McCay. Mkao wa kwanza, ameinama, sepetu imezama. Wa pili, amejiinua nusu, uzito wote umehamia mguu wa nyuma. Wa tatu, mikono imenyooka kuelekea juu ya mteremko. Mikao hiyo ikishasimama, awashe maganda mawili mekundu na moja la kijani, achore ya kati kwa tao na si kwa mstari, ayabane mapengo pale sepetu inapong'oka ardhini na kuyatanua pale inaporusha, kisha azime kila kitu na kuchezesha.

Udongo uwe na kanuni nyingine. Kuanzia fremu unapoiacha sepetu haumtii tena aliyeurusha, na ukiupangia mkao wa mwisho mapema utaanguka kwa nidhamu isiyo ya udongo. Hapo kijana azime kijani, abaki na jekundu moja, na amfuate Cohl: bonge lipasuke, vumbi lisalie nyuma likisita hewani, changarawe nzito zitangulie kutua kwenye tuta, na kila mchoro ujue tu ulikotoka.